Kutoka Makaa Hadi Kabila: Namna ya Kuchunguza Itikadi Kali Mtandaoni Ukiwa Kalamba

Februari 2018 vijana walichoma moto lori la makaa huko Kanyonyoo, kaunti ya Kitui. Mwezi mmoja kabla, serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu ilikuwa imepiga marufuku biashara hiyo ili kuokoa miti. Picha za lori likiwaka zikapita simu hadi simu. Muda si mrefu wafanyabiashara wa Limuru, kaunti ya Kiambu, wakafunga barabara kuu ya kwenda Nakuru, na mjadala ulioanza na misitu ukageuka kuwa wa Wakamba na Wakikuyu. Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano, NCIC, ikalazimika kuingilia kati.

Kati ya makaa na kabila kuna hatua ndefu, na kila hatua ina mtu aliyeipiga: aliyesema jambo, aliyelirekodi, aliyelipitisha kwa wenzake. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kuzifuata hatua hizo akiwa Kalamba, penye kiwanda cha kaunti ya Makueni cha kusindika maembe, au akiwa Kwa Vonza kwenye Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, SEKU, au Mwingi kando ya barabara ya Garissa. Anaweza kuwa mwanafunzi, mwalimu, mwanahabari wa redio ya Kikamba au mfanyakazi wa shirika la kijamii. Mitambo mikubwa haihitaji. Anahitaji sikio linaloelewa Kikamba, daftari, subira na ruhusa.

Kabla ya kugusa simu, amua unachokitafuta. Watafiti wengi wachanga hukusanya kila tusi wanalokutana nalo, na baada ya miezi miwili wana gunia la hasira lisilowaambia lolote. Mtafiti wa Marekani J. M. Berger, katika kitabu alichokitoa mwaka 2018, alipendekeza kipimo kinachofaa kubebwa hadi kijijini: itikadi kali ni imani kwamba kundi letu haliwezi kufaulu wala kuishi bila kulitendea kundi lingine uadui. Kipimo hiki hupunguza kazi sana. Mkulima wa Kitui Mashariki anayelalamika kwamba ngamia wamemaliza pojo zake ana haki ya kulalamika, hata akikasirika, hata akitukana. Anayesema wenye ngamia wote wafukuzwe ndipo Wakamba waishi, huyo amevuka mpaka. Ujumbe wa aina hiyo ya pili ndio unaoingia daftarini, pamoja na ule wa kwanza uliotangulia kuuandalia njia.

Kipimo hicho pia kinamzuia mtafiti asidhani kwamba itikadi kali ni mali ya dini moja au ya watu wa mbali. Ukambani ni nchi ya makanisa, na wengi wakisikia neno ugaidi macho yao huelekea Garissa. Lakini Aprili 2023 polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, walikuta wafuasi wa mhubiri wa Kikristo. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini, mingi ikiwa ya watoto. Paul Nthenge Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa lake la Good News International mjini Malindi, alikuwa amehubiri kwa miaka kupitia televisheni na YouTube dhidi ya shule, hospitali na kadi za serikali. Ameshtakiwa na amekana mashtaka. Kanisa alisema amelifunga mwaka 2019. Mahubiri yaliyorekodiwa yakabaki hewani, na watu kutoka pembe nyingi za Kenya wakayasikiliza wakiwa majumbani mwao.

Hata upande wa pili, wa wanaotumia jina la Uislamu, maneno yamekuwa yakiishi muda mrefu kuliko walioyasema. Sheikh Aboud Rogo aliuawa kwa risasi Mombasa Agosti 2012, na mawaidha yake, yaliyokuwa yakisambazwa kwa kanda na diski, yakaendelea kusikika mtandaoni. Mwaka huohuo al-Shabaab walianza kutoa jarida kwa Kiswahili, Gaidi Mtaani, lililolenga vijana wa Kenya. Septemba 2013, wakati jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi lilikuwa bado mikononi mwa wauaji, kundi hilo lilikuwa likitangaza shambulio kwenye Twitter. Akaunti ilipofungwa, nyingine ilifunguliwa. Kwa hiyo anayechunguza asiulize tu nani alisema. Aulize pia kauli imehifadhiwa wapi na nani anaifufua.

Sasa kuhusu pa kuanzia. Pa kuanzia ni sokoni.

Huenda shauri hili likamshangaza anayetaka kusoma intaneti, lakini ushahidi uko upande wake. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliohoji watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi ya Afrika yenye silaha, Wakenya na Wasomali wakiwemo. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Mwaka 2023 shirika hilo lilirudia kazi katika nchi nane, na mmoja kati ya wanne wa waliojiunga kwa hiari alitaja kutafuta ajira kuwa sababu yake kuu. Simu hubeba moto, lakini kuni zimekatwa mahali pengine.

Ndiyo maana wiki za kwanza za utafiti zinafaa kutumika kuchora ramani ya malalamiko. Kitui kuna ngamia na malisho, hasa sehemu zinazopakana na Tana River. Makueni kuna mchanga wa mito, jambo lililoleta vurugu za kutosha hadi kaunti ikatunga sheria yake ya mchanga mwaka 2015. Kuna bei ya maembe na madalali wanaotoka nje. Kuna mashamba, kuna vijana wenye diploma wanaoendesha bodaboda. Kwa kila lalamiko andika swali moja: analaumiwa nani? Mara nyingi jibu litakuwa mtu au ofisi, dalali fulani, chifu fulani, wizara fulani. Pale jibu linapoanza kuwa kabila zima au dini nzima, weka alama. Hapo ndipo ujumbe wa mtandaoni utakapopata mlango, na mtafiti mwenye ramani hiyo mkononi ataujua mlango kabla ujumbe haujafika.

Ukweli mwingine wa Ukambani ni kwamba mazungumzo mengi hayako kwenye kurasa za wazi. Yako kwenye vikundi vya WhatsApp vya mbai (ukoo), vya mwethya (kazi za kusaidiana), vya wazazi wa shule, vya waimbaji wa kanisa, vya waendesha bodaboda wa stendi moja. Na humo ndani, mazito hayaandikwi. Yanasemwa kwa ujumbe wa sauti, kwa Kikamba, na mtu ambaye sauti yake inatambulika. Mifumo ya kompyuta inayochuja maneno mabaya haifanyi vizuri katika lugha zenye maandishi machache. Hata Kiswahili kimeachwa nyuma: mwaka 2022 taasisi ya Institute for Strategic Dialogue ilionyesha jinsi habari za al-Shabaab na Islamic State zilivyokuwa zikidumu Facebook kwa Kisomali, Kiarabu na Kiswahili. Mtu wa Kalamba anayesikia Kikamba cha Makueni na cha Kitui, na anayejua methali inapogeuzwa kuwa tishio, ana uwezo ambao kampuni za California hazijaununua.

Uwezo huo una masharti. Usijipenyeze. Kuingia kikundi cha ukoo kwa jina la uongo na kurekodi wazee wakizungumza ni wizi, na habari zikitoka, hakuna mtafiti mwingine atakayepokelewa kijiji hicho kwa miaka. Zungumza na admini, eleza kazi kwa lugha ya hapo, omba wanakikundi wakubali, na anayekataa maneno yake yasiandikwe. Njia salama zaidi ni kuwaomba watu wenyewe wakuletee ujumbe uliowafikia na kuwatia wasiwasi. Hivyo hulazimiki kukaa kikundini kabisa. Kisheria, utafiti nchini Kenya unahitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI, na kwa wanaohoji watu, idhini ya kamati ya maadili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu kabila, imani na hali ya afya kuwa taarifa nyeti. Jina na namba ya simu ya mtu hazina kazi katika daftari la utafiti. Mpe kila anayehusika herufi, na ufunguo wa herufi hizo uwekwe mbali na daftari lenyewe. Pita pia kwa chifu na naibu wake. Mgeni anayeulizauliza habari za ugaidi bila kujitambulisha atafikishwa kituoni kabla ya Ijumaa, na watakaompeleka watakuwa na sababu.

Baada ya hapo, fuata ujumbe mmoja. Mmoja tu, kwa wiki nzima.

Chukua mfano wa sauti ya dakika mbili inayodai kwamba wageni fulani wameonekana usiku karibu na bwawa la kijiji wakiwa na silaha. Mama mwenye duka la M-Pesa ameipata kutoka kikundi cha wazazi, saa 1:12 jioni. Andika saa hiyo, andika aina ya kikundi, si jina lake. Kisha tazama juu ya ujumbe: mishale miwili ina maana kwamba umepita angalau mikono mitano kabla ya kufika hapo, na tangu Aprili 2020 WhatsApp hairuhusu ujumbe wa namna hiyo utumwe kwa zaidi ya mtu au kikundi kimoja kwa wakati. Kwa hiyo kila anayeupitisha sasa anafanya hivyo kwa makusudi, kikundi baada ya kikundi, na hilo lenyewe ni jambo la kuuliza. Muulize mama: aliyeutuma alisema nini kabla yake au baada yake? Neno dogo kama "muwe macho" linaonyesha alivyotaka usikike. Mwombe amuulize aliyemtumia aliutoa wapi. Rudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, hadi mnyororo ukatike. Sikiliza lafudhi: msemaji ni wa Mwingi, wa Kibwezi, au si Mkamba kabisa? Nyuma yake kuna sauti ya nini, barabara, redio, kuku? Je, anataja mahali panapoweza kuthibitishwa? Nenda ukapaone. Mara nyingi bwawa lipo, wageni walikuwepo, na silaha iliongezwa njiani. Hatua ambayo silaha iliongezwa ndiyo unayoitafuta.

Kwa kupima uzito wa ujumbe, kuna kazi ya Kenya ya kujifunzia. Kuelekea uchaguzi wa 2013, watafiti wa iHub na Ushahidi jijini Nairobi walianzisha mradi wa Umati. Waliajiri wasomaji wa lugha mbalimbali, wakakaa na kusoma maoni ya watu mtandaoni siku baada ya siku, kwa macho yao. Walitumia mfumo wa mwanazuoni Susan Benesch, unaouliza mambo matano: msemaji ana ushawishi gani, wasikilizaji wana hofu gani, maneno yenyewe yanasemaje, historia ya mahali ikoje, na yamepitia chombo gani. Kila kauli ikawekwa katika ngazi mojawapo kati ya tatu, kuanzia ya kuudhi hadi ya hatari kubwa. Kauli ileile inaweza kuwa kelele ikitoka kwa mlevi na ikawa hatari ikitoka kwa mhubiri. Zipo dalili mbili za kuangalia kwa makini: watu kuitwa wadudu, wanyama au uchafu, na madai kwamba wao wanapanga kutuua, basi tuwahi. Lugha hubadilika pia. Neno "madoadoa", lililotumika kuwahusu watu wa kabila jingine tangu miaka ya tisini, lilirudi jukwaani Januari 2022, na Aprili mwaka huo NCIC ikaliweka katika orodha yake ya maneno ya chuki. Orodha ya Nairobi haitoshi Kalamba. Tengeneza yako, kwa Kikamba, na uirekebishe kila mwezi.

Kwenye mitandao ya wazi kazi ni nyingine, na imekuwa ngumu zaidi. Mapema 2023 Twitter ilifunga mlango ambao watafiti walikuwa wakichotea data bure. Agosti 2024 Meta ikaifunga CrowdTangle, chombo kilichokuwa kikionyesha machapisho ya Facebook yanavyoenea. Kilichowekwa badala yake kinaombwa kupitia taasisi, hivyo mwanafunzi wa SEKU apitie kwa msimamizi wake. Lakini mtu asikate tamaa. Mwaka 2022 mtafiti Mkenya Odanga Madung, akifanya kazi na wakfu wa Mozilla, alichambua video zaidi ya 130 za TikTok kutoka akaunti 33, zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4, zikiwemo zilizochochea hofu za kikabila kabla ya uchaguzi wa Agosti. Video 130 ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye bando la kawaida anaweza kuikamilisha, na iliifanya kampuni kubwa kujibu.

Tumia simu ya pili, isiyo na majina ya jamaa zako wala picha zako. Fungua akaunti mpya, usifuate mtu yeyote, tazama video moja kuhusu jambo lililo kwenye ramani yako ya malalamiko, kisha andika nini programu inakuletea baadaye, ya kwanza, ya pili, hadi ya hamsini. Rudia siku nyingine. Hapo utaona kwa macho kama mashine inasukuma watu au la. Usiwe na jibu mfukoni. Utafiti uliochapishwa 2020 ulionyesha watu wakihama polepole kutoka chaneli za YouTube zenye msimamo wa wastani kwenda za msimamo mkali. Mwingine, wa 2023 katika jarida la Science Advances, ulikuta kwamba video za itikadi kali hutazamwa zaidi na watu waliokuwa tayari na chuki, waliojiandikisha wenyewe. Tafiti zote mbili zilihusu Marekani kwa kiasi kikubwa. Kuhusu kijana wa Kathonzweni anayetazama TikTok usiku, jibu bado linasubiri mtu wa kulitafuta.

Unachokiona kitafutwa kesho, basi kihifadhi leo: picha ya skrini inayoonyesha anwani, tarehe na saa, pamoja na nakala kwenye hifadhi ya Wayback Machine ikiwezekana. Umoja wa Mataifa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa mwaka 2020 itifaki ya namna ya kukusanya ushahidi wa kidijitali ili ukubalike mahakamani, na inafaa kusomwa hata na asiyetarajia kesi. Mwaka 2021 Profesa Meareg Amare, Mtigrai aliyekuwa mwalimu wa kemia, aliuawa Bahir Dar, Ethiopia, baada ya machapisho ya Facebook kumtaja na kumsingizia. Mwanawe alikuwa ameyaripoti. Desemba 2022 alifungua kesi dhidi ya Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi, na Aprili 2025 mahakama ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Kesi ya namna hiyo huhitaji machapisho yaliyohifadhiwa.

Kuhifadhi hata hivyo si kusambaza. Muuaji wa Christchurch, New Zealand, aliporusha shambulio lake moja kwa moja Facebook tarehe 15 Machi 2019, kampuni ilisema iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo katika saa 24 za kwanza. Watu waliokuwa wakizipandisha si wote walikuwa wafuasi wake, wengine walitaka tu kuonyesha ubaya. Usimtumie rafiki ili aone. Usipakue miongozo ya mabomu wala majarida ya makundi haya kwenye simu binafsi: Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ina kifungu kuhusu kumiliki vitu vinavyohusiana na kosa la ugaidi, na leseni ya utafiti utakayoitoa mfukoni barabarani Mwingi huenda isiharakishe mazungumzo. Nakala hizo zikihitajika, zikae chuoni, chini ya msimamizi, kwa nywila.

Kisha kuna mwili na akili ya mtafiti mwenyewe, jambo linalopuuzwa hadi limfike mtu. Desemba 2024 ilijulikana mahakamani Nairobi kwamba zaidi ya wafanyakazi 140 waliokuwa wakichuja maudhui ya Facebook jijini humo walikutwa na msongo mkali unaotokana na kiwewe. Walikuwa watu waliolipwa kutazama. Kwa hiyo zima sauti kabla ya kufungua video, ipunguze iwe ndogo kwenye skrini, iweke nyeusi na nyeupe, na usiitazame baada ya magharibi. Fanya kazi wawili wawili. Ukianza kuota uliyoyaona, simama wiki moja, data haitakimbia.

Jambo la mwisho la kukusanya ndilo linalosahaulika kuliko yote: ujumbe uliokufa. Umati waligundua kwamba kauli nyingi za hatari zilikuwa Facebook na chache sana Twitter, na sababu mojawapo ilikuwa watumiaji wa Twitter wenyewe kuwakemea wachochezi hadi wafute au waondoke. Kalamba pia ina wakemeaji wake. Katika mnyororo wa ile sauti ya bwawa, kuna vikundi ambavyo iliingia na haikutoka. Vitafute hivyo. Je, mzee wa mbai alisema neno? Je, mwalimu aliuliza ushahidi? Je, mtu alipiga simu kwa jamaa aliyeko hapo bwawani akapewa ukweli kwa dakika moja? Andika maneno hasa aliyoyatumia, kwa Kikamba chake, na muda uliopita kabla mada haijabadilika. Baba wa kijana wa Mandera, mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuwa miongoni mwa waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, alikuwa chifu, na alikuwa ameripoti kwamba mwanawe ametoweka. Kujua nini kinazuia, na nini kilikosekana, kuna manufaa kwa wazazi kuliko orodha ndefu ya matusi.

Ripoti ikiwa tayari, nakala moja huenda NACOSTI, nyingine chuoni. Muhtasari wa kurasa mbili, usio na jina la mtu wala la kikundi, urudi kwa waliokufungulia milango, usomwe kwa Kikamba barazani na redioni, na waulizwe walipoona umekosea.